Mzima wa Jumanne

Pale maabara hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Mzima, na jina hilo alilichuma mwenyewe, kwa mshipa wake wa mkono wa kushoto, mshipa mnene unaoonekana hata na aliyesahau miwani nyumbani.

Kazi yao ilikuwa hivi. Katika ubongo wa kila mtu kuna protini moja ambayo ni kimeng'enya, na kazi yake ni kubandika fosfati kwenye protini nyingine, kama karani mwenye muhuri: karatasi inakuja, inagongwa, inakwenda zake. Kwa watu wengi karani huyu anagonga kwa kiasi na kupumzika. Lakini ziko koo zinazorithishana protini hiyo ikiwa na kasoro ndogo mno, na humo karani hajui kupumzika. Anagonga asubuhi, anagonga jioni, miaka nenda miaka rudi, mpaka seli za ubongo zinazoongoza mwendo wa mwili zinaelemewa na kufa. Ndipo mkono unaanza kutetemeka, hatua zinakuwa fupi, uso unakuwa mgumu kucheka hata mwenyewe akiwa na furaha. Huo ndio ugonjwa wa Parkinson, ule unaopita katika damu ya ukoo.

Ubongo wa mtu aliye hai huwezi kuukata kipande ukapime. Bahati nzuri karani huyohuyo ameajiriwa pia kwenye seli nyeupe za damu. Kwa hiyo kila Jumanne asubuhi alikuja mgonjwa mmoja, akatolewa damu, na damu hiyo ikashughulikiwa papo hapo kabla haijapoa. Na kwa kuwa huwezi kusema huyu ni mrefu bila kumsimamisha karibu na mwingine, ilitakiwa pia damu ya mtu asiye na ugonjwa, iliyotolewa saa ileile, ikapita mikono ileile na barafu ileile. Mtu huyo wa kulinganishia ndiye waliyemwita mzima.

Sasa nani atakubali kuchomwa sindano kila wiki kwa ajili ya sayansi? Ilipangwa zamu, zamu ikafa ndani ya mwezi. Mtunza stoo alichomwa mara moja akaanguka chini kama gunia. Mwanafunzi aliyekuwa akifanya utafiti wake pale alianza kuwa na mitihani kila Jumanne. Dereva alisema wazi kwamba damu yake aliipata kwa shida na hana mpango wa kuigawa. Mwisho fundi wa maabara, huyu huyu tunayemzungumzia, akapandisha mkono wa koti lake na kusema, "Haya, nichomeni mimi, msinipotezee asubuhi." Tangu siku hiyo akawa Mzima, na profesa, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akawa anamwita Mzima wangu.

Fomu ya kujitolea ilikuwa na swali moja la maana: katika ukoo wako, yupo mwenye ugonjwa wa kutetemeka? Aliandika Hapana, kwa wino wa bluu, bila kusita.

Usikimbilie kumwita mwongo. Kwanza sikia alikotoka.

Baba yake alikuwa kinyozi, mtoto wa kinyozi, mjukuu wa kinyozi. Na katika ukoo ule, karibu wote waliofika umri wa miaka sitini mkono wao ulianza kucheza. Babu mkono ulicheza, baba wa babu mkono ulicheza. Hakuna aliyeuita ugonjwa. Waliuita uchovu wa mkasi. Mtu akishika mkasi miaka arobaini, akifungua na kufunga, akifungua na kufunga, vidole vitakosaje kuchoka? Walilisema jambo hilo kwa majivuno kidogo, kama mwanajeshi anavyoonyesha kovu. Mzee mwenye mkono uliotulia katika ukoo ule angeshukiwa kwamba alikuwa mvivu ujanani.

Lakini baba huyu, pamoja na majivuno yake, aliweka nadhiri moja moyoni. Mkewe alifariki binti yao, huyu Mzima wetu, akiwa darasa la pili, na mtoto akakulia dukani, kwenye benchi la wateja, akijifunza kuhesabu kwa meno ya kitana. Kazi ile aliipenda kufa. Siku moja, akiwa na miaka minane, alipanda juu ya kreti, akachukua mkasi na kumpunguza nywele mwenzake wa shule upande mmoja wa kichwa, na inasemekana hakufanya vibaya. Baba alimpokonya mkasi. Hakumpiga, hakuwahi kumpiga hata siku moja, lakini alipaza sauti mpaka wateja wakainamisha macho.

"Mkono huu hautashika mkasi! Unanisikia? Mimi uchovu wake utanipata, wewe hautakupata. Utashika kalamu."

Mtoto alilia wiki nzima. Akashika kalamu. Akasoma, akaajiriwa, na kila kichwa kilichokaa kwenye kiti cha baba yake kikasimuliwa habari zake kitake kisitake: "Binti yangu anashika vitu vidogo kuliko unywele, na mkono wake umetulia kama maji ya mtungini. Nilimwokoa na mkasi." Ndilo jambo alilojivunia maishani. Duka lilikuwa dogo, kioo kina ufa, mke alishatangulia, lakini mtoto alikuwa amemwokoa.

Basi alipoulizwa na fomu kama kwao kuna ugonjwa wa kutetemeka, Mzima alisema hapana kwa moyo mweupe. Kwao kulikuwa na vinyozi tu.

Miezi minane kazi ikawa haiendi. Kila Alhamisi majibu ya Jumanne yalipotoka, mistari miwili myeusi ilionekana kwenye filamu, ule ukaratasi wa plastiki kama wa eksirei: wa kwanza wa mgonjwa, wa pili wa Mzima. Kadiri karani alivyogonga zaidi, ndivyo mstari ulivyokuwa mweusi. Mstari wa mgonjwa ulitakiwa uwe mweusi tii na wa Mzima uwe wa kijivu. Yote miwili ikawa myeusi tii. Profesa alilaumu dawa ya kutia alama, ikaagizwa nyingine. Akalaumu maji, akalaumu friza, akamlaumu mtunza stoo ambaye hata mlango wa chumba kile alikuwa haugusi tangu siku aliyoanguka. Mzima mwenyewe aliosha vyombo mara tatu tatu na kurudia kila hatua, maana alidhani kosa ni la mikono yake. Kweli nyani haoni kundule.

Halafu akaja kuugua mafua. Mafua ya kawaida, ya kupenga. Ilikuwa Jumanne, mgonjwa ameshafika, na kanuni ya profesa ni kwamba mwenye homa hatoi damu.

"Dereva!" profesa aliita.

"Dereva hayupo, ametoka," alijibu dereva kutoka nyuma ya mlango.

Wakamkamata, wakamkalisha, Mzima akamtoa damu huku akipiga chafya pembeni. Dereva alifumba macho akataja marehemu wote wa kwao. Alhamisi filamu ikatoka: mstari wa mgonjwa mweusi tii, wa dereva kijivu, hafifu, kama umeandikwa kwa penseli iliyokwisha.

Profesa alipiga vigelegele. "Mashine imepona! Miezi minane, mashine imepona!" Dereva akatangaza kwamba damu yake ndiyo iliyoitibu. Mzima alicheka nao, akapiga makofi, kisha akaenda kabatini peke yake, akatoa filamu za miezi minane na kuzipanga kwenye kioo chenye taa. Wagonjwa walikuwa wakibadilika, kila Jumanne mtu mwingine. Dawa ilibadilishwa, maji yalibadilishwa. Mstari wa pili tu ndio uliokuwa wa mtu yuleyule kila wiki, na ulikuwa mweusi tangu mwezi wa kwanza. Akakaa kwenye kiti chake cha kazi chenye magurudumu, na kiti kikarudi nyuma chenyewe mpaka ukutani.

Profesa alimkuta hapo. Alitazama filamu, akamtazama yeye, na vigelegele vikamkauka. Alivuta kiti kingine, akakaa goti kwa goti.

"Si mashine, profesa," Mzima alisema.

"Naona, mwanangu." Akavua miwani. "Baba yako anafanya kazi gani?"

"Kinyozi."

"Mkono wake ukoje?"

"Umechoka tu. Ni mkasi, profesa, vinyozi wote..." Akaishia hapo. Alijisikia mwenyewe. Miaka mitatu amekaa chumba kile akiwasikiliza watoto wa wagonjwa wakisema ni uzee tu, ni baridi tu, ni jembe tu, na kila mara moyoni akiwahurumia kwa kutoona. Akaanza kuyaona ya kwao moja baada ya jingine. Baba anayemwagia wateja manukato mpaka wanapiga chafya, kwa sababu hasikii harufu tena. Vikaratasi vyake vya "nimetoka, narudi sasa hivi", mwandiko ukizidi kuwa mdogo mwaka hata mwaka. Mkono wa kulia ambao hauendi mbele na nyuma anapotembea, yeye akidhani baba kabeba kitu.

"Mganga hajigangi," alisema profesa kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. "Na mimi mwenyewe nilikuwa nakuchoma kila wiki, nikalaumu friza. Sasa nisikilize. Filamu si hukumu. Utapimwa rasmi, vinasaba, kwa daktari wa nje, siyo hapa kwetu. Na hata ukikutwa na kasoro hiyo, unajua kuliko mimi kwamba si kila mwenye nayo huugua. Wewe una miaka thelathini na nne, na dawa za kumtuliza karani huyo zinajaribiwa hivi sasa tunavyoongea. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Sasa lia kama unataka. Mlango nimeufunga."

Alilia kidogo, akapenga, mafua na machozi vikachanganyika. Alipimwa. Wiki tatu baadaye jibu likaja lilelile la filamu.

Kwa ajili yake mwenyewe aliogopa, asije mtu akakudanganya. Aliogopa akiwa anapiga mswaki, aliogopa akimimina maji kwenye glasi na kuutazama mkono wake. Lakini kilichomnyima raha zaidi kilikuwa kingine. Baba yake hajawahi kutia mguu kliniki kwa ajili ya mkono, kwa kuwa uchovu wa mkasi hauna dawa. Na kumbe ugonjwa wake una dawa; hazimponyi mtu, lakini zingeurudishia mwili wake wepesi kwa miaka. Ili baba aende kutibiwa, lazima aambiwe kwamba si mkasi. Na akiambiwa si mkasi, ataelewa siku hiyohiyo kwamba hakumwokoa mtoto wake na chochote. Mzima alijua kwamba kunyamaza ni kumwacha baba ateseke bure, na kusema ni kumnyang'anya kitu pekee alichojivunia. Jumamosi mbili alikwenda dukani na nia kamili, akarudi nayo vilevile.

Jumamosi ya tatu alimkuta baba akimnyoa Mwalimu, mstaafu aliyemfundisha Mzima kusoma, mteja pekee ambaye hakuwahi kuhamia saluni ya vijana kule kona. Mwalimu alikuwa na alama tatu za wembe shingoni na alizivaa kwa uaminifu. Baba siku hizi alitumia mashine ya umeme tu, kiwiko amekiegemeza kwenye mgongo wa kiti, mkono wa kushoto umemshika wa kulia kifundoni. Nusu ya kichwa cha Mwalimu ilikuwa imekwisha.

"Mwalimu, unamwona mwanafunzi wako?" baba alisema. "Mama, hebu nyoosha mkono Mwalimu aone."

"Baba, niache."

"Nyoosha tu! Tazama, Mwalimu. Umetulia kama maji ya mtungini. Huyu ni—"

"Baba, si mkasi."

Alikuwa amepanga kusema kwa utaratibu, nyumbani, baada ya chai. Yakatoka hivyo, mbele ya mteja.

"Si mkasi nini?" baba aliuliza, mashine ikiendelea kunguruma hewani.

Akamweleza. Alianza na karani na muhuri, maana ndivyo alivyozoea kuwaeleza wagonjwa, akaja kwa babu na baba wa babu, akaja kwa harufu na mwandiko. Baba alisikiliza huku akitikisa kichwa, taratibu, kama anayesikia habari za jirani. Ndipo Mzima akafika kwenye Jumanne, na miezi minane, na mstari wa pili. "Mstari ule ulikuwa wangu," alisema. "Nimepimwa, Baba. Na mimi ninayo."

Baba alizima mashine. Mwalimu, kichwa nusu kwa nusu, alifumba macho na kujifanya amesinzia, jambo la heshima kuliko yote aliyoweza kufanya akiwa amefungwa shuka shingoni.

Mkono wa kulia wa baba, ulioachwa sasa bila wa kuushika, ulikuwa ukicheza pembeni ya paja lake.

"Watu husema kinyozi hajinyoi," baba alisema. "Wewe umejinyoa kila Jumanne na hukujua." Alijaribu kucheka, uso ukakataa. "Mkasi wa watu nimeusingizia miaka yote hii. Baba yangu alikufa akiulaani." Akakaa kwenye benchi la wateja, pale pale mtoto alipokuwa akilala mchana enzi zile. "Basi nilikunyima bure. Ulilia wiki nzima, nakumbuka, ulikataa hata kula. Nikasema moyoni, acha alie, mkono wake utapona. Nilikunyima bure, mama."

Na akalia. Mzima hakuwa amewahi kumwona baba yake akilia, hata siku ya kumzika mama. Alikaa karibu naye na kuushika ule mkono, akauhisi ukitetemeka ndani ya kiganja chake kama kifaranga.

"Hukuninyima bure," alisema. "Usingenipokonya mkasi, leo ningekuwa kinyozi. Ningefika sitini mkono ukacheza, nikasema ni uchovu, nikafa nikiulaani kama babu. Wewe ndiye uliyenipeleka mahali pekee ambapo mtu angeweza kuniambia."

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Nakupenda, lakini hapa sikubembelezi."

"Anasema kweli, Kinyozi," Mwalimu alisema usingizini.

Baba alijifuta uso kwa taulo la shingo ya Mwalimu. Akamtazama binti yake kwa muda, pua yake mwenyewe, paji la mama yake. "Unaogopa?"

"Naogopa sana, Baba."

"Kati yangu na wewe ni miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

Akaihesabu ile miaka kimoyomoyo, midomo ikitikisika. Kisha akasimama, akawasha mashine na kummalizia Mwalimu nusu iliyobaki, polepole, na hakumkata hata mara moja.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye benchi la kliniki, amevaa koti la harusi za watu. Mzima alidhani itabidi amsemee, kwa sababu baba yake, kama wanaume wengi, akiulizwa na daktari hali yake hujibu nzuri. Lakini daktari alipouliza shida ni nini, baba hakumgeukia daktari. Alimgeukia yeye.

"Una karatasi?"

"Ninayo."

"Andika." Akaanza. Alisema harufu ilianza kupotea lini, akataja mwaka. Alisema anavyopigana na shuka usingizini, na siku aliyoanguka bafuni akamwambia yeye kwamba alijigonga kwenye kabati. Alisema mguu unavyoganda mlangoni, na ujanja alioubuni mwenyewe wa kuhesabu moja mbili tatu ndipo uondoke. Mambo ya miaka sita, ambayo alimficha mtoto wake kila Jumamosi kwa mzaha na manukato, aliyatoa yote mbele ya mtu asiyemjua, na kila baada ya jambo moja alinyamaza kidogo mpaka kalamu isimame. Daktari aliweka kalamu yake chini akawaacha waendelee.

"Andika na hili la vifungo," alisema. "Mwaka wa pili huu siwezi kufunga vifungo vya shati. Naliacha limefungwa siku zote, nalivaa na kulivua kwa kichwa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwa sababu nilikaa nalo peke yangu, nikidhani ni mimi tu duniani." Mkono wake wa kulia ulikuwa ukicheza juu ya goti, mchana kweupe, na hakuuficha. "Dawa yoyote watakayonipa nitameza, na nitakuambia inanifanya nini, nzuri na mbaya. Mimi nimetangulia, mama. Nitakuwa nakuambia njia ilivyo."

"Endelea, Baba," alisema, akageuza ukurasa. "Naandika."